Je, petroli ya mashindano ina faida kwa gari la kawaida?

MWENYE gari anayeingia katika maduka ya vilainishi na vipuri ya Mikocheni, jijini Dar es Salaam, hakosi kuiona chupa ndogo iliyopambwa kwa picha ya gari la mashindano na maneno ya kuahidi nguvu, mwendo na matumizi madogo ya mafuta. Mara nyingi huwekwa karibu na mahali pa kulipia, pamoja na manukato ya ndani ya gari na vitambaa vya kufutia vioo. Ndani yake mna kimiminika kinachoitwa kiongeza oktani, na bei yake hutosha kununua lita kadhaa za petroli.

Wanaoinunua si watu wasiojua thamani ya fedha. Wengi wana magari yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwishatumika, hutumia saa nyingi katika foleni za Barabara ya Mwai Kibaki na ile ya Bagamoyo, na gari linapoanza kuwa zito hutafuta dawa iliyo karibu. Aidha, katika mazungumzo ya gereji petroli ya magari ya mashindano na "mafuta ya ndege" hutajwa kana kwamba ni lishe bora ambayo magari ya watu wa kawaida yamenyimwa.

Kwa sehemu kubwa ya magari yanayotembea katika barabara za Dar es Salaam, lishe hiyo haina faida yoyote, na baadhi yake ina madhara. Yapo magari machache ambayo habari yake ni tofauti. Lipo pia tatizo la kweli la mafuta ambalo limewasumbua madereva wa nchi hii kwa miaka mingi, ambalo chupa hiyo haiwezi kulitibu, ingawa mara nyingi ndilo linalomfanya mtu ainunue.

Oktani si nguvu

Katika injini ya petroli, pistoni hupanda na kugandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa uanzie penye cheche na usambae katika silinda nzima kwa utaratibu, ukiisukuma pistoni chini. Mchanganyiko unapogandamizwa kupita kiasi joto lake hupanda, na sehemu iliyo mbali na plagi huweza kulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mawimbi mawili ya moto hukutana na kugonga kuta za silinda.

Mlio wake ni kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Husikika hasa gari linapopanda mlima, au dereva anapokanyaga mafuta kwa ghafla likiwa katika gia kubwa na mwendo mdogo. Ukiachwa uendelee, mgongano huo huweza kutoboa kichwa cha pistoni, kuvunja ringi na kuunguza gasketi.

Inafaa kutenganisha jambo hili na kile ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita "kunoki". Gari likisemwa limenoki, kwa kawaida maana yake ni kwamba injini imekufa au beringi za ndani zimelika kwa kukosa oili, na chuma kinagonga chuma. Ugonjwa huo hauna uhusiano na aina ya petroli, na hakuna kimiminika cha kumimina tankini kitakachourudishia uhai mkono wa pistoni uliokwisha kulika. Neno moja la gereji limebeba magonjwa mawili, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Namba ya oktani hupima jambo moja tu, nalo ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kulipuka yenyewe. Kipimo chake kilitokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Graham Edgar, mwaka 1926. Aliteua vimiminika viwili: aisooktani, ambayo haigongi kwa urahisi, akaipa namba 100, na heptani, ambayo hugonga mara moja, akaipa sifuri. Petroli yenye oktani 93 ni ile ambayo katika injini ya majaribio hugonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za aisooktani na sehemu 7 za heptani.

Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu nguvu iliyomo ndani ya lita moja. Ethanoli, yaani pombe ile ambayo Kenya iliichanganya na petroli kati ya mwaka 1983 na 1993 kutoka katika kiwanda cha Muhoroni, ina oktani inayopita 100, lakini lita yake hutoa takriban theluthi mbili tu ya joto linalotolewa na lita ya petroli. Methanoli, ambayo imetumika kwa miongo mingi katika magari ya mashindano, hutoa nusu tu. Kama oktani ingekuwa nguvu, vimiminika hivyo viwili vingeshinda petroli kwa kila lita. Magari ya mashindano huvitumia kwa wingi zaidi, katika injini zilizojengwa kwa ajili yake.

Faida ya oktani kubwa humwendea mtengenezaji wa injini kabla haijamfikia dereva. Akijua kwamba mafuta yatavumilia, huweza kuongeza uwiano wa mgandamizo, kufunga tabo ya kusukumia hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na kuipa plagi cheche ya mapema zaidi. Hapo ndipo nguvu hupatikana. Injini ambayo haikujengwa hivyo haiwi nyingine kwa sababu tu petroli yake imebadilika.

Gari la Japani linadai nini?

Injini iliyozoeleka kuliko nyingi jijini ni ile ya Toyota ya ujazo wa lita 1.5 iitwayo 1NZ-FE. Imo katika IST, Probox, Raum, baadhi ya Vitz na Corolla kadhaa. Uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa moja, na kwa soko la Japani iliandaliwa kutumia petroli ya kawaida, ambayo kwa kiwango cha taifa hilo haipaswi kuwa chini ya oktani 89. Ile ya daraja la juu ya Japani huanzia 96. Petroli ya kawaida inayouzwa katika vituo vya Tanzania iko katika tabaka la 93 hadi 95.

Kwa maneno mengine, dereva wa IST anapojaza tanki katika kituo chochote chenye mafuta safi, amekwisha kulipatia gari lake oktani zaidi ya ile ambayo mtengenezaji aliidai. Akiongeza chupa juu yake, anaongeza uvumilivu ambao injini haina pa kuupeleka.

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba magari ya sasa yana kompyuta, hivyo "yatajirekebisha" na kutumia oktani ya ziada. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Injini nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 zina sensa iliyofungwa kwenye bloku, inayosikiliza mitetemo ya kugonga. Ikiisikia, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi kidogo kidogo hadi mgongano ukome. Lakini kompyuta hiyo ina kikomo chake kwa upande wa pili pia. Katika injini iliyopangiwa petroli ya kawaida, hali ya hewa na mzigo vikiwa vya kawaida, cheche huwa imekwisha wekwa mahali inapotoa nguvu iliyo bora. Kuiwahisha zaidi ya hapo hakuleti kitu, kwa hiyo kompyuta haiiwahishi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza matokeo ya majaribio ya magari yaliyoandaliwa kwa petroli ya kawaida yakiwa yamejazwa ile ya daraja la juu. Hayakuongeza nguvu kwa kiasi cha maana, hayakupunguza matumizi ya mafuta, wala moshi haukuwa safi zaidi. Chama hicho kilikadiria kwamba madereva wa Marekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kununua mafuta ambayo magari yao hayakuyahitaji.

Msomaji anayelinganisha namba za mitandaoni hana budi kuwa mwangalifu. Marekani huandika katika pampu wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya Marekani ni sawa na takriban 91 ya Japani, Ulaya au Tanzania. Wapo wanaosoma kitabu cha gari lililotoka Marekani, wakaona 91, na kudhani kwamba petroli ya Dar es Salaam inalizidi kwa mbali. Kwa kipimo chetu, gari hilo linadai takriban 95 au 96.

Ndani ya chupa

Viongeza oktani havifanani. Kuna vile ambavyo kwa sehemu kubwa ni viyeyushi vya kawaida vinavyotokana na petroli yenyewe, kama tolueni na zaileni, jamii ya vimiminika vinavyojulikana katika viwanda vya rangi. Kuna vyenye madini ya manganizi, vinavyotajwa kwa herufi MMT, na vyenye chuma, viitwavyo ferosini. Katika chupa nyingine mafuta ya taa hutumika kama kibebeo cha kemikali hiyo, jambo linalochekesha kidogo ukizingatia yatakayoelezwa mbele.

Kwa aina ya kwanza, hesabu ni nyepesi. Tolueni ina oktani takriban 120. Chukua tanki lenye lita 40 za petroli ya 93, mimina humo mililita 350 za tolueni tupu. Sehemu ya kimiminika kigeni haifiki asilimia moja, na oktani ya tanki zima hupanda kwa takriban robo ya namba moja. Ili kupata namba tatu, ingehitajika takriban lita tano. Hakuna chupa ya dukani yenye ujazo huo.

Hapa inafaa kusoma kibandiko kwa makini. Chupa nyingi huahidi kuongeza "pointi" tano, saba au kumi. Katika biashara hiyo pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya namba ya oktani, hivyo pointi saba ni kutoka 93 hadi 93.7, wala si hadi 100. Aliyeandika kibandiko hakusema uongo, lakini alijua msomaji ataelewa nini.

Aina za manganizi zina nguvu zaidi, na zilizokolezwa huweza kupandisha namba moja, mbili au hata tatu. Gharama yake huonekana baadaye. Manganizi na chuma haviungui vikatoweka. Hubaki kama vumbi jekundu au la rangi ya machungwa juu ya plagi, katika sensa ya oksijeni na ndani ya kile ambacho mafundi hukiita masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilichomo katika eksozi. Plagi iliyofunikwa na tabaka hilo huanza kukosa cheche. Dereva aliyenunua chupa ili gari liwe jepesi hujikuta, baada ya miezi kadhaa, na taa ya injini inayowaka katika dashibodi na gari linalokohoa.

Vidonge vya naftalini, vile vinavyowekwa katika masanduku ya nguo kufukuza wadudu, navyo vina sifa ya zamani ya kuongeza oktani. Sifa hiyo ilikuwa na msingi zamani, petroli ilipokuwa duni mno. Leo kinachopatikana ni hatari ya chenga kuganda katika njia za mafuta.

Kosa jingine dukani ni kuchanganya kiongeza oktani na dawa ya kusafisha nozeli. Ya pili ni sabuni ya namna yake, na katika gari lenye nozeli zilizoziba huweza kusaidia. Chupa zake hufanana na zile za kwanza, hukaa rafu moja, na muuzaji asiyejua huuza yoyote kati ya hizo kwa mtu anayelalamika kwamba gari "halivuti".

Petroli ya mashindano na mafuta ya ndege

Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, na mwaka uliofuata magari ya daraja la juu yalikimbia kwa mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini. Kanuni za shirikisho la mchezo huo, FIA, huruhusu petroli ya oktani kati ya 95 na 102. Magari hayo yana tabo, injini zake hufumuliwa na kukaguliwa kila mara, na hakuna anayetarajia zifike kilomita 200,000 kama anavyotarajia mwenye Corolla.

Baadhi ya mafuta ya mashindano yanayouzwa duniani bado yana risasi. Historia ya madini hayo katika petroli si ya kujivunia. Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors, aligundua Desemba 1921 kwamba risasi kidogo hukomesha mgongano wa injini, na biashara ilianza mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha New Jersey. Hata hivyo, dunia iliendelea kuivuta risasi hewani kwa karibu karne nzima, na watoto wa mijini ndio walioumia zaidi, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika karibu kote. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Tanki moja la petroli yenye risasi linatosha kuanza kuyaua masega na kuharibu sensa ya oksijeni. Madhara kwa watu wanaovuta moshi huo katika foleni hayahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu "mafuta ya ndege", wengi hawajui kwamba jina hilo hubeba vitu viwili vilivyo kinyume kabisa. Ndege ndogo zenye injini za pistoni hutumia petroli maalumu yenye oktani 100, ambayo ina risasi. Lakini ndege za abiria zinazotua Dar es Salaam, na hata zile Cessna Caravan zinazokwenda Zanzibar na katika hifadhi za wanyama, zina injini za tabaini zinazotumia Jet A-1. Hiyo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Mtu akiuziwa lita tano za "mafuta ya ndege" na mtu anayesema ameyapata uwanjani, uwezekano mkubwa ni kwamba amebeba Jet A-1, na akiyamimina katika petroli atakuwa amelichakachua gari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Ugonjwa wenyewe: mafuta ya taa

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko mengi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa nchini yalitozwa ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli, kwa nia njema ya kuwasaidia wananchi waliokuwa wakiyatumia kwa taa na majiko. Tofauti hiyo ya bei iliwavutia wafanyabiashara wasio waaminifu kuyachanganya na dizeli, na pengine na petroli. Neno "kuchakachua" lilienea nchi nzima kutokana na biashara hiyo, na ilipofika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 lilikuwa limekwisha hamia katika siasa, likitumika kwa kura.

Mafuta ya taa yana oktani inayokadiriwa kuwa karibu 20. Yakiwa sehemu moja katika kumi ya tanki, petroli ya 95 hushuka hadi takriban 87 au 88. Hiyo ni chini ya kile ambacho hata IST inakidai. Injini huanza kugonga, kompyuta huchelewesha cheche, gari hupoteza nguvu, moshi huongezeka, na sehemu ya mafuta ya taa isiyoungua huteremka kando ya pistoni na kuzimua oili.

Dereva anayeonja hali hiyo husema, kwa haki kabisa, kwamba mafuta hayana oktani ya kutosha. Kisha hununua chupa. Lakini chupa iliyoelezwa hapo juu huongeza robo ya namba moja, nayo tanki limepungukiwa na namba saba. Wala mafuta ya taa hayaondoki. Yanabaki tankini, yakiendelea kuharibu oili.

Serikali ilichukua hatua mbili zilizogusa mzizi. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, Ewura, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta yanayouzwa nchini, ili sampuli ya kituo chochote ikipimwa ijulikane kama imechanganywa na kitu kingine. Halafu bajeti ya mwaka 2011/2012 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi takriban 400, na hivyo kuondoa sehemu kubwa ya faida ya kuchanganya. Hatua ya pili iliwaumiza waliokuwa wakiwasha vibatari, na mjadala wake ulikuwa mkali. Kwa injini, hata hivyo, ilikuwa na maana kuliko kemikali zote zilizowahi kuuzwa katika rafu za maduka.

Joto la pwani

Uchakachuaji si sababu pekee ya injini kugonga. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito, na mwezi Februari joto hupita nyuzi 30 kabla ya saa sita mchana. Hewa nzito na ya moto huongeza shinikizo na joto ndani ya silinda. Gari linalogonga kidogo Mikocheni huweza kunyamaza kabisa likifika Mbeya, ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu huko silinda hupata hewa haba. Dereva hurudi akisifu petroli ya Mbeya, kumbe sifa ni ya mlima.

Masizi yaliyoganda juu ya pistoni ya gari kuukuu hupunguza nafasi ya ndani na kuongeza mgandamizo, na vipande vyake huwaka kama makaa yanayowasha mafuta kabla ya wakati. Rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, plagi za joto lisilofaa, nozeli chafu, sensa ya hewa iliyojaa vumbi na oili iliyopitwa na wakati huleta dalili zilezile. Katika Dar es Salaam yenye foleni, rejeta na feni ndizo za kuchunguzwa kwanza. Fundi anayemiliki mashine ya kusoma kompyuta ya gari huweza kuona kama cheche inacheleweshwa, na kwa bei isiyotofautiana sana na ile ya chupa mbili.

Magari yanayohitaji zaidi

Yapo magari ambayo oktani kubwa kweli huyafaa. Subaru Impreza WRX na Forester zenye tabo, Toyota Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE na Altezza RS200 ziliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Hali kadhalika magari mengi ya Ujerumani yenye tabo, ambayo si machache Mikocheni na Masaki, hudai 95 au 98. Haya yanapojazwa petroli ya kawaida, sensa huyalinda, lakini hupoteza sehemu ya nguvu na huweza kugonga yakikanyagwa kwenye joto. Forester isiyo na tabo haimo katika kundi hili, ingawa wamiliki wake hupenda kujihesabu humo.

Kwa mwenye gari la aina hiyo, cha kwanza ni kituo kinachouza mafuta safi kila siku na kwa wingi. Akiamua kutumia kiongeza, achague kisicho na manganizi wala chuma, asome idadi ya namba na siyo pointi, na asitarajie mabadiliko makubwa. Aliyerekebishiwa kompyuta ili tabo isukume hewa zaidi yuko katika hatari ya pekee, kwa kuwa mara nyingi marekebisho hayo hufanywa nje ya nchi kwa kudhania petroli ya 98 au 100, na hapo kosa la tanki moja huweza kutoboa pistoni.

Pikipiki za bodaboda na bajaji hazina haja kabisa na chupa hizo.

Gari linadai nini huandikwa ndani ya kifuniko cha tanki au katika kitabu chake. Kwa magari ya Japani maandishi huwa ya Kijapani: neno linalotamkwa "regyuraa" ni petroli ya kawaida, na "puremiamu" au "haioku" ni ile ya daraja la juu. Simu yenye programu ya kutafsiri picha huyasoma kwa sekunde chache.

Gari likianza kugonga au kukosa nguvu muda mfupi baada ya kujazwa, ilhali lilikuwa zima, mwenye kulishuku tanki asimimine kitu kingine juu yake. Chochote kinachoongezwa huharibu ushahidi. Apunguze mwendo, asilipakie mzigo, na fundi atoe sampuli katika chombo safi cha kioo au chuma kabla ya kulikausha tanki. Risiti ya mashine ya kielektroniki, yenye jina la kituo, saa na idadi ya lita, ndiyo itakayohitajika anapopeleka malalamiko Ewura, na bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mafuta yalitoka katika pampu ile.